Sekunde Moja, Mita Moja

Tusekile alisimama mlangoni kwa Mzee Andembwisye, akakung'uta ukungu kwenye koti lake, akasema, "Shikamoo, mzee," kisha akasubiri.

Kusubiri ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Mzee Andembwisye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, uso umeelekea ukutani, vilevile alivyokaa mwezi uliopita na mwaka uliopita. Vumbi lilikuwa limetulia kwenye mikunjo ya blanketi lake. Tusekile alihesabu kimoyomoyo. Alipofika hamsini na tatu, kope za mzee zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba ya Tukuyu siku hizo. Kupepesa hakukuhesabiwa popote, kila mtu alilijua hilo, lakini walikuwepo waliobania hata kope zao.

Akagusisha kisomeo chini ya mtulinga wa mzee, pale kiini kilipolala ndani ya ngozi, kidogo kama punje ya ulezi. Kisomeo kikatema karatasi. Mstari wa mwezi mzima ulikuwa umelala bapa kutoka ukingo hadi ukingo, bila kigongo hata kimoja.

"Safi kabisa, mzee. Hujasogea hata shubiri," alisema, akaichomeka karatasi kwenye msumari ukutani, juu ya nyingine mamia.

Mzee alitabasamu, au Tusekile alidhani ametabasamu. Alikuwa na miaka themanini na nane, na ofisi ilimhesabia mingine hamsini na kitu. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko asubuhi na jioni, na kumgeuza asipate vidonda. Kumgeuza nako mzee alikuogopa, akamwomba binti afanye polepole.

Barabarani palikuwa kimya. Kila dirisha lilikuwa na uso, na hakuna uso uliogeuka kumtazama mpita njia. Tusekile alishazoea mambo mengi katika kazi ya kusoma mistari, ila hilo la kutazamwa na mtaa mzima usiotazama chochote hakulizoea. Alikaza mwendo, ingawa kukaza mwendo ni kujipunguzia.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa homa ya ukungu. Haikugusa watoto. Ilimngoja mtu atimize miaka kumi na minane, ndipo imwingie mapafuni, na dawa yake ilikuwa kiini peke yake. Viini vyote vilipata nguvu kutoka mnara mmoja uliojengwa kwenye bega la Mlima Rungwe, na mnara ulikuwa na kikomo chake. Mtu wa kwanza kuvaa kiini aliitwa Ambilikile, dereva wa basi. Alidumu nacho miaka arobaini, akafa usingizini. Wakati huo mnara ulikuwa umeshajaa, vijana wamepanga foleni getini wakikohoa, na wakubwa wa mji wakakaa kikao, wakaamua jambo lililosikika kuwa la haki tupu: kila mtu aende mbali kama alivyokwenda Ambilikile, kisha apishe mwingine.

Sasa mtu hupimwa kwa kitu gani kwamba amekwenda mbali? Kwa miaka, au kwa mwendo? Mwalimu Mwasomola, aliyeubuni mnara, alisema kwa vyote viwili. Akachora grafu: muda unalala, umbali unasimama. Aliyekaa, mstari wake unakwenda bapa. Anayetembea, unapanda kidogo anapoondoka nyumbani na kushuka anaporudi. Anayeendesha gari, unakwea na kuporomoka kama njia za Rungwe, na yeyote aliyewahi kupanda mlima anajua kwamba njia ya mlimani ni ndefu kuliko inavyoonekana kwa mbali. Uunyoshe mstari huo kama uzi, mabonde na vilima vyote, na urefu utakaoupata ndio maisha uliyotumia. Ukilingana na uzi wa Ambilikile, mnara unazima kiini chako.

Sheria hiyo ilipotangazwa, miaka thelathini na moja iliyopita, watu wa mji walifanya hesabu zao kimyakimya. Kisha mmoja mmoja wakavuta viti, wakakaa.

*

Lugano, mdogo wake Tusekile, alikuwa chini ya lori, miguu nje.

"Dada, usinikanyage tu, mengine sawa," alisema kabla hata hajamwona. "Nimekujua kwa viatu. Mji mzima ni wewe peke yako mwenye viatu vilivyolika."

"Toka huko nikusome."

Alitoka akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, akafungua kifungo cha shati. Karatasi yake ilitoka kwa mlio mrefu. Mstari ulikuwa umejaa meno kama msumeno: Kyela, Tukuyu, Kyela, Tukuyu, kila siku kushuka kufuata mchele na samaki, kila siku kupanda. Alikuwa amevaa kiini miaka kumi na mitano tu. Tusekile aliangalia namba ya chini, akaikunja karatasi, akaikunja tena.

"Sema, dada. Mimi si mtoto."

"Siku nane."

"Nane za kukaa au nane za barabara?"

"Za barabara. Ukikaa kabisa ni miezi miwili na wiki."

Lugano alicheka, na kicheko chake kilisikika vibaya katika ule ukimya, kama sahani iliyoanguka msibani. "Miezi miwili naangalia ukuta? Halafu hayo masanamu yako yatakula nini? Mchele haupandi mlima wenyewe."

"Wafundishe wengine kuendesha."

"Nani anataka? Wamemwona Mwakitalima." Mwakitalima ndiye aliyekuwa dereva mwenzake wa mwisho. Kiini chake kilizimwa mwezi wa tatu, njiani, na lori likakutwa limesimama vizuri pembeni, mguu wake ukiwa bado kwenye breki. "Alijua ni siku ile. Aliegesha kwanza. Na mimi nitaegesha, usiwe na wasiwasi."

Tusekile alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumbeba mgongoni, kama alivyombeba tangu ana miaka miwili, mwaka ule mama yao alipovuta kiti akakaa na kumwachia yeye, binti wa miaka saba, mtoto huyo. Alimpenda kijana yule kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na ndani ya siku nane ingembidi ampige muhuri kwenye daftari la waliopisha.

*

Msomaji mkuu alikuwa amefariki mwezi uliopita, na mpaka apatikane mwingine, ufunguo wa mnara na wa kasha la Mwalimu Mwasomola ulikuwa mikononi mwa Tusekile. Aliapishwa kwa maneno manne: kipimo cha mnara hakiguswi. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu viapo. Lakini saa tatu asubuhi iliyofuata alifungua kasha, akakaa chini kwenye saruji baridi, akaanza kusoma.

Aliikuta karatasi yenyewe, ile grafu ya kwanza ya Ambilikile, imepigwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba ya shuleni. Pembeni, kwa mwandiko nadhifu wa mwalimu, paliandikwa: *Kipimo: sekunde moja sawa na mita moja. Kinajaza karatasi vizuri.*

Basi. Alipekua kasha lote akitafuta hoja, majaribio, barua, chochote. Hapakuwa na kingine.

Alianza kucheka. Alikumbuka darasa la fizikia, mwalimu akipita kati ya madawati na rula: chagua kipimo kinachofaa, grafu ijaze karatasi, ikijikunja kwenye kona nakunyima alama mbili. Nchi nzima ilifundishwa hivyo. Ukitaka grafu ipendeze unavuta mhimili huu, unabana ule, na hakuna ubaya, kwa sababu ukisoma mwinuko wa mstari unapata mwendo kasi uleule, upana uwe wowote. Ila urefu wa mstari haukuulizwa hata siku moja, wala kwenye mtihani. Na haukuulizwa kwa sababu mita na sekunde hazijumlishiki, sawa na debe la mahindi na siku ya Jumanne. Urefu ule haukuwa kitu cha duniani. Ulikuwa urefu wa penseli.

Kicheko kilimkauka. Mwakitalima alikufa kwa ajili ya upana wa karatasi. Madereva wote, wachuuzi wa baiskeli, wakunga waliokimbia usiku na mchana kutoka kijiji hadi kijiji, wote walikatwa kwa sababu mwalimu mmoja alipenda kazi safi.

Akachukua karatasi mpya na kuchora upya, sekunde ikipewa upana mkubwa zaidi. Alichora wa Ambilikile, wa Lugano, wa mama yao, na mmoja wa wale wakaaji wa siku nyingi. Na pale akaona kitu kilichomfanya aweke penseli chini. Ukiivuta karatasi kwa upande, milima ya Lugano inalala, inakuwa vituta, na mstari wake hauongezeki sana. Lakini mstari bapa unarefuka kwa kila unachovuta. Ambilikile, aliyeendesha basi akapumzika pia, yuko katikati. Kadiri unavyovuta, ndivyo wakaaji wanavyompita Ambilikile, mmoja baada ya mwingine, bila kuinuka kwenye viti.

Alijaribu sekunde moja sawa na mita kumi. Lugano akapona, mama yao, mwenye kiini cha miaka arobaini na saba, akawa amepitiliza. Alijaribu mbili. Mama akapona, Lugano akapata miezi michache tu. Alifuta, akaandika, akafuta, mpaka mkono ukawa mweusi kwa risasi ya penseli.

Kwa tano, wote wawili walibaki ndani. Lugano angeweza kuendesha miaka minane mingine, au kukaa kumi na minane. Mama alikuwa na minne na ushei.

Kisha akafungua daftari kubwa la mji na kutafuta watakaopitiliza kwa tano. Ilimchukua mpaka saa tisa alasiri. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne, wote wazee wa zaidi ya miaka hamsini na miwili ya kiini. Aliwajua wote. Alishachomeka karatasi ukutani kwa kila mmoja wao.

*

Mama yao, Atuganile, aliongea bila kusogeza taya, kwa sauti nyembamba inayopita kwenye meno. Alikuwa amejifunza hivyo mapema, kabla haijathibitishwa kwamba taya hazihesabiwi, na baadaye hakuona sababu ya kuacha.

Tusekile alimweleza kila kitu, amepiga magoti mbele ya kiti, kwa sababu ukitaka mkaaji akuone sharti uende pale anapotazama. Alimweleza penseli, karatasi, wale mia mbili na kumi na wanne. Alieleza pia kwamba hakuna namba iliyo ya kweli. Kila namba inachagua watu wake.

Saa ya ukutani ilikuwa imeondolewa zamani, iliwasumbua watu.

"Kwa hiyo tano," alisema hatimaye, "mimi nimo?"

"Umo, mama."

"Miaka mingapi?"

"Minne na kidogo."

"Na kwa moja nilikuwa na mingapi?"

"Themanini na kitu."

Macho ya mama yalimtazama bila kupepesa. Tusekile alingoja aulize habari za Lugano. Alingoja kama alivyongoja milangoni, akihesabu, na alipofika mia moja na ishirini akaacha kuhesabu, akasimama, magoti yanamuuma.

"Mama, ni mwanao. Ana siku saba."

"Najua ni mwanangu," ilisema ile sauti nyembamba. "Nilimzaa kwa kutembea. Ilinigharimu."

Tusekile alitoka bila kuaga. Alilia barabarani waziwazi mbele ya madirisha yote, na hakuna aliyegeuka.

*

Aliupanda mnara siku mbili baadaye, saa sita mchana, ingawa kwa ukungu ule huwezi kujua kama ni saa sita. Alikuwa ameshajiandalia maneno yote. Vijana mia mbili na kumi na wanne wangeingia kwenye viini vilivyoachwa. Wazee wale walikuwa wamekula miaka ya madereva kwa miaka thelathini. Tano ilikuwa namba ya haki kuliko moja. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyatafuta baada ya kuiona namba iliyobakiza nyumba yake.

Ndani ya mnara palikuwa na joto kama la tumbo la ng'ombe, na mvumo mdogo uliosikika mifupani kuliko masikioni. Kipimo kilikuwa gurudumu la shaba, dogo kama kifuniko cha sufuria, lenye namba kuzunguka ukingo. Mshale ulikuwa kwenye moja. Hakuna kufuli wala kengele. Walitegemea kiapo tu.

Aliweka mkono. Aliwaza Mwalimu Mwasomola, na kwa mara ya kwanza alimwonea wivu. Yule mzee hakujua. Alijaza karatasi, akapendezwa nayo, akaenda kulala.

"Nisameheni," alisema kwa sauti. Akawataja kwa majina, wale aliowakumbuka kwa kichwa, kama mia moja na hamsini. Waliobaki ilibidi awasome kwenye karatasi. Alipomaliza wa mwisho alizungusha gurudumu, mbili, tatu, nne, na kwenye tano likakwama lenyewe kwa mlio mdogo.

Mvumo ulipungua. Haukukoma, ulipungua tu, kama vile watu wengi wametoka chumbani.

*

Asubuhi alianza mzunguko wake kama kawaida, maana kama si yeye kuwaandika ni nani angewaandika?

Uchungu wa asubuhi ile haukuwa vile alivyoutarajia. Alitarajia vilio. Lakini nani angelia? Alifika kwa Mzee Andembwisye, akasema shikamoo, akaanza kuhesabu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, uso ukutani. Mjukuu wake alikuwa pembeni na bakuli la uji, anapuliza kijiko kipoe.

"Leo anachelewa kufungua mdomo," mjukuu alisema kwa upole. "Jana jioni pia hakutaka. Nimefuta tu."

Tusekile alihesabu mpaka mia tatu. Kisha akainama, akamfumba mzee macho kwa vidole viwili, na binti akatazama vile vidole bila kuelewa, halafu akaelewa. Kijiko kikamwanguka.

Ilikuwa hivyo nyumba kwa nyumba. Mahali pengine alijikuta akimsalimia marehemu na kumngoja kwa adabu, na mahali pengine alimfumba macho mtu aliye hai, ambaye aliyafumbua tena na kumtazama kwa chuki. Alijiambia jambo moja tu, alilirudia kila kizingiti: Lugano anaishi. Lori litashuka leo Kyela. Lugano anaishi.

Saa saba mchana alipita kwenye uwanja wa malori ili amwone kwa macho yake. Jana jioni, aliporudi kutoka mnarani, alikuwa amemweleza yote, minane ya barabara, kumi na minane ya kukaa. Lugano hakucheka. Aliuliza tu mara mbili, "Kumi na minane, dada? Una hakika?" na Tusekile alifikiri ni furaha.

Lori lilikuwa palepale, injini baridi. Samaki wa juzi walikuwa wameanza kunuka.

Alikimbia nyumbani, alikimbia kweli, akasukuma mlango. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, kile cha jikoni chenye mguu mfupi, kimetegewa kipande cha tofali kisitikisike. Lugano alikuwa amekikalia. Alikuwa ameoga, grisi imetoka mpaka kwenye kucha, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelazwa juu ya magoti.

"Lugano," alisema. "Mdogo wangu. Inuka. Watu hawana chakula."

Alipiga magoti mbele yake, pale macho yalipotazama. Yalikuwa macho yaleyale, ila hayakumfuata.

"Ulikataa kukaa ukiangalia ukuta. Ulisema mwenyewe."

"Ilikuwa miezi miwili," Lugano alijibu, na sauti ilipita kwenye meno, nyembamba. "Sikuwa na kitu cha kupoteza."

Tusekile alimshika mabega. Alikuwa na uwezo wa kumwinua, alishambeba akiwa mtoto na sasa angeweza angalau kumburuta mpaka nje. Mabega yalikuwa ya moto, na chini ya mtulinga alikisikia kiini kikipiga taratibu kwa nguvu ya wale mia mbili na kumi na wanne. Lugano alikaza mwili wote asitikisike, na machozi yakaanza kumtoka kwa woga.

"Niachie, dada, nakuomba," alisema. "Na ufunge mlango. Upepo unanisogeza."